Mfanyakazi Aliyeridhika Anaweza Kuwa Amelala

Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa na sanduku la maoni mlangoni mwa ofisi ya utawala. La mbao, limepakwa rangi vizuri, lina kufuli. Mwaka wangu wa pili pale likajaa hadi karatasi zikawa zinachungulia kwenye tundu. Nikamuuliza mtu wa rasilimali watu linafunguliwa lini. Akacheka. "Ufunguo aliondoka nao aliyenitangulia."

Mwaka huohuo tukajaza dodoso la kuridhika kazini, na matokeo yakaja mazuri. Wala hatukudanganya. Mshahara uliingia kwa wakati, bosi hakuwa mkali, likizo ukiomba unapata. Tuliridhika kweli. Ila hakuna aliyekuwa akijisumbua kuwaza jipya. Ilikuwa bora liende, saa ya kutoka ifike.

Ndiyo maana husita nikisikia kwamba mfanyakazi akifurahi tu, ubunifu utakuja wenyewe na biashara itakua. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, aliyatenganisha mambo haya tangu mwaka 1959. Mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi vikiwa vibovu, watu hunung'unika. Vikiwa vizuri, manung'uniko hupungua, basi. Kinachomsukuma mtu ni kazi yenyewe, kukabidhiwa dhamana na kutambuliwa. Wapo waliomkosoa kwa namna alivyofanya utafiti wake. Mimi, kwa niliyoyaona, sina ugomvi naye.

Hata hivyo kuridhika kuna kazi yake, na kisa cha 3M, kampuni ya viwanda ya Marekani, kinaionyesha. Tangu 1948 kampuni hiyo iliwaruhusu watu wake wa kiufundi kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mawazo yao wenyewe. Mwaka 1968 mkemia wao Spencer Silver, akitafuta gundi kali, akapata dhaifu: inashika kidogo, ukivuta inabanduka. Kwingine mtu angeificha aibu hiyo. Silver aliinadi kwa wenzake miaka na miaka. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyechoka kuona vikaratasi vya kuwekea alama kurasa vikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaikumbuka. Vikaratasi vya Post-it, vya kubandika na kubandua kwa gundi hiyo, vikaingia sokoni kote Marekani mwaka 1980.

Hiyo ni miaka 12. Mtu asiye na raha kazini hakai miaka 12 na wazo ambalo halijaleta hata senti. Ataondoka nalo, au atalizika akihofia kuchekwa. Kuridhika humpa mtu utulivu wa kusubiri wazo liive, na moyo wa kuonyesha kilichoharibika. Lakini lazima awepo wa kulipokea. Mhandisi Steve Sasson alitengeneza kamera ya kidijitali ndani ya Kodak, kampuni ya kamera na filamu za picha, mwaka 1975, na akabaki huko kwa miaka mingi. Wakuu hawakuwa na hamu na kifaa kinachotishia biashara yao ya filamu. Januari 2012 Kodak, ikiwa inafilisika, ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wanaoidai. Sababu zilikuwa nyingi, hiyo ikiwa mojawapo.

Kwa hiyo ningekuwa mwajiri, dodoso langu lingekuwa na swali moja: wazo lako la mwisho ulimpa nani, na alikujibu nini? Hata jibu la "hapana, kwa sababu hii" linatosha. Kinachoua ni ukimya.

Pale kwetu alikuwepo mwenzangu wa stoo, mtu mpole, asiye na lalamiko. Aliona wateja wadogo wanasubiri siku nyingi hadi gari lijae, akaandika pendekezo la kuunganisha mizigo ya walio njia moja. Akaliweka sandukuni. Siku anaaga alisimama pale mlangoni, akaanza kuchokoa lile tundu kwa ncha ya kalamu mpaka karatasi yake ikatoka. Aliikunja, akaitia mfukoni. Mwaka haukuisha, wateja wetu wawili wakahamia kwake.