Acheni Kusaga Masikio ya Fremu

Hapa Goma, ukimpelekea fundi baiskeli ya mlima yenye freni za diski na kumwambia inasugua, mara nyingi atakujibu hivi: "Grand, hii etrie iko mubaya, ulete ingine." Ukimwambia huna pesa ya nyingine, atatafuta tupa. Etrie, kile kibanio kinachoishika diski kwa plaketi mbili (vile vipande vya kusugua), inafunguliwa na kuwekwa pembeni, na masikio mawili ya fremu inapofungwa yanaanza kusagwa. Mimi napinga majibu yote mawili, na hilo la tupa nalipinga zaidi. Etrie mbovu inabadilishwa. Aluminiamu ikishasagwa, imekwenda.

Namwelewa fundi. Baiskeli nyingi za aina hii zinatufikia zikiwa okazio, yaani zimeshatumika, na hazifiki nzima: fremu imetoka baiskeli moja, uma wa mbele nyingine, magurudumu ya tatu. Mwenye nayo anaona etrie inang'aa sokoni Birere, anainunua peke yake bila adapta (kile kipande cha kuiunganisha na fremu), kisha anataka kufikia jioni awe anashuka nayo kutoka Kibati. Fundi wa watu, aliyejifunza kazi kwenye freni za patini, zile zinazobana janti ya gurudumu, anaambiwa tu: "Funga." Atafunga kwa alichonacho mkononi.

Ila kusugua kuna sababu nyingi, na etrie yenyewe ni ya mwisho mwisho. Mimi naanza na gurudumu. Lifungue, igeuze baiskeli isimame kwa magurudumu yake, ekseli iingie hadi mwisho wa nafasi yake, ndipo ufunge. Utashangaa ni mara ngapi kelele inaishia hapo. Isipoishia, shika tairi juu ulisukume kushoto na kulia: likicheza, beringi zimelegea, na hakuna etrie duniani itakayokaa sawa na diski inayotembea. Baada ya hapo weka karatasi nyeupe nyuma ya etrie, zungusha gurudumu polepole na utazame ule mwanga kati ya diski na plaketi. Ukiwa unapanuka na kufinyika kila mzunguko, diski imepinda. Ukiwa umeziba upande mmoja mzunguko mzima, etrie ndiyo imekaa vibaya. Hapo ndipo tuzungumze habari ya masikio.

Fremu za mlima zina masikio ya mitindo miwili, na rula ya mtoto wa shule inatosha kuitofautisha. Ule unaoandikwa IS (International Standard) una matundu yaliyopita kutoka upande hadi upande, sambamba na ekseli, hayana nyuzi, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 51. Ule wa PM (Post Mount) una matundu yenye nyuzi, bolti zinaingia kwa kufuata mwelekeo wa diski, na umbali ni milimita 74. Kuna na FM (Flat Mount), mdogo na bapa, wa baiskeli za barabarani. Ukiletewa etrie ya FM kwa fremu ya mlima, irudishe ilikotoka kabla muuzaji hajakusahau.

Etrie nyingi za sasa ni za PM. Kwa hiyo fremu ya IS inahitaji adapta, na fremu ya PM inaihitaji pale tu diski inapozidi kipimo ambacho fremu ilitengenezewa. Kwenye adapta ndiko watu wengi wanakopotelea. Utakuta imeandikwa F180 na R160 pamoja, mtu anadhani kiwanda kimekosea. Hakijakosea: ni kipande kimoja ambacho kikifungwa mbele kinafaa diski ya milimita 180, na kikifungwa nyuma kinafaa ya 160, kwa sababu masikio ya IS ya mbele na ya nyuma hayako umbali sawa na ekseli. Chukua adapta hiyo uifunge nyuma kwenye diski ya 180, plaketi zitakaa chini mno, na pengine diski itagusa mwili wa etrie. Fanya kinyume, plaketi zitashika ukingo wa nje tu, sehemu yake ya juu itaning'inia hewani. Baada ya muda utaona plaketi imelika chini na juu imebaki kijipande kizima kama ngazi. Fundi akiona hivyo anasema plaketi ni za China. Hata kama ni za China, hapo hazina kosa.

Hesabu nyingine inayochanganya watu: kutoka diski ya 160 kwenda ya 180 tofauti ni milimita 20, lakini etrie inapanda milimita 10 tu, kwa sababu 20 ni kipenyo na etrie inafuata nusu yake. Ndiyo sababu diski ya 203 kwenye adapta ya 200 inaweza kuokolewa na rondela (washa) za milimita moja na nusu chini ya etrie, mradi bolti ziwe na urefu wa kutosha kuzishika nyuzi vizuri.

Sasa rudi kwenye tupa. Ukisaga masikio ya PM, unaishusha etrie kuelekea ekseli, na plaketi zinaanza kuuma mikono ya diski. Ukisaga ya IS, unaisogeza kando. Na kwa vile mkono wa binadamu hausagi sambamba, masikio yanabaki na mshazari, etrie inakaa imeinama, na plaketi inalika upande mmoja. Ni kweli kwamba sikio huweza kuja likiwa halijanyooka, lina rangi nene au tone la kulehemu. Dalili yake naijua: unapanga etrie vizuri, ukikaza bolti inajizungusha yenyewe. Rangi ikwangue kwa wembe, rangi peke yake. Zaidi ya hapo kuna kifaa cha kusawazisha kinachokata masikio yote mawili kwa pamoja yakiwa mraba na ekseli. Anayekosa kifaa hicho aache chuma kilivyo, apange kwa rondela nyembamba.

Kabla ya hayo yote, safisha. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo linajificha kati ya sikio na adapta, na punje chache zinatosha kuiinamisha etrie. Kisha legeza bolti mbili za PM, kamata freni kwa nguvu, na huku umeikamata kaza kidogo huku, kidogo kule, hadi Nm 6 au 8, kwa kipimo cha nguvu ya kukaza. Rudia kuzikagua baada ya kupita kwenye mawe ya Ndosho.

Freni za diski za kebo, zile za bei nafuu, zina mambo yake. Nyingi zinasukuma plaketi moja tu, ya pili imesimama. Ukiiweka diski katikati kabisa hazitashika vizuri. Ile plaketi iliyosimama isogezwe karibu sana na diski bila kuigusa. Kwa mji wetu mimi nazipendelea kuliko za mafuta, kwa sababu za mafuta zinadai ujue kama ni za mafuta ya madini au za DOT (maji ya freni kama ya gari), na ukikosea mpira wa ndani unavimba. Kebo inapatikana kila duka.

Adapta ikikosekana Birere, mwombe mtu anayevuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière akuulizie Gisenyi au Kigali, ukiwa umemwandikia mtindo wa masikio, kipimo cha diski, na kama ni ya mbele au ya nyuma. Bila maneno hayo matatu atakuletea chuma cha kupamba meza.

Na fremu isiyo na masikio kabisa? Kuna vyuma vinavyouzwa vya kubana kwenye ncha ya fremu ili vibebe etrie. Kwa nyuma sivipendi. Kwa mbele navikataa moja kwa moja: uma uliotengenezewa patini haukupewa nguvu ya kustahimili etrie inayouvuta kutoka chini, upande mmoja, na ukivunjika utavunjika ukiwa kwenye mteremko. Nunua patini mpya, nyoosha janti, badilisha kebo. Baiskeli itasimama.