Walukuba hatupigii mabango kura

Kuna wanaosema humu eti kiti cha udiwani huku kwetu Jinja Kusini, Uganda, kishapata mwenyewe kwa sababu jamaa wa mabango mengi ndo anaongoza, jamani mabango hayapigi kura! Mi naishi Walukuba, mtaa wa hukuhuku Jinja Kusini, juzi jioni watu wa huyo wa mabango wamekuja na pikapu ya sabuni na chumvi, mama jirani yangu kapokea kipande chake, kafulia nguo za watoto palepale, halafu kaniambia kura anampa yule mwalimu, maana mtaro ulipoziba ni yeye aliyekuja na beleshi. Kwa hesabu yangu mwalimu anapita kama vijana wa boda watatoka, shida yao wakishapiga kura ya rais, siku ya madiwani, ambayo ni nyingine, wanabaki steji. Ila kinachoniuma sana ni kumchania picha yule dada anayegombea na kumtukania ndoa yake kwenye spika, watoto wanasikia. Tumekuwa jiji tangu Julai 2020 pamoja na Mbale na Gulu, taka bado zinalala barabarani, mbona hawamuulizi za taka, ndoa yake inatuhusu nini sisi?