Nina Saa, Sina Saa Zilizoshikana

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na chini ya meza yake palikaa kiroba cha vipande. Kitenge, satini, kaniki, pindo za khanga. Ungekipima kwa mizani ungeapa humo mna magauni manne. Lakini sikuona mteja hata mmoja aliyevaa gauni lililotoka kwenye kile kiroba. Vilitoka vishikio vya sufuria, foronya za mito na nguo za mwanasesere wangu.

Kiroba hicho hunijia kila mtu anaponiambia nijipangie muda.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwaka wa nne, mama wa watoto wawili. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, alihamia Dodoma na wizara yake. Tangu treni ya umeme ianze kwenda huko mwaka 2024 tunamwona kila baada ya wiki mbili, zamani ilikuwa mara moja kwa mwezi. Ushauri wa kupanga muda nimeupata kwa msimamizi wangu, kwa shemeji, na kwenye semina mbili zilizonila siku nzima nzima.

Saa ninazo. Juzi nilizihesabu kwa kalamu. Dakika 40 kwenye daladala ya asubuhi, 25 za kungojea mwenye funguo za ukumbi, nusu saa kati ya kipindi na kikao, 20 za kusubiri wali ukauke, saa moja na robo baada ya watoto kulala. Jumla inapita saa tatu kwa siku. Mtu akiona hesabu hiyo atauliza, sasa huyu mama kinachomshinda ni nini?

Kinachonishinda ni kwamba hivyo ni vipande. Kwenye kipande cha dakika 25 najibu barua pepe, nasahihisha karatasi nne, nanyoosha orodha ya marejeo. Sura ya uchambuzi haiandikiki humo. Sura inataka nikiwa ukurasa wa 31 nikumbuke nilichodai ukurasa wa 12, nigundue kwamba vinagombana, nirudi nikaamue ugomvi. Nusu saa ya kwanza inaishia kutafuta nilipoachia. Nikishapata uzi, mtoto anaamka anataka maji.

Muhula huu nina darasa la mwaka wa kwanza, stadi za mawasiliano, wanafunzi 412. Elimu ya chuo kikuu ilipoanza nchini mwaka 1961, kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kulikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Sisemi turudi huko; katika idadi ya siku zile mimi nisingepata nafasi. Nasema tu kwamba karatasi moja ikinichukua dakika sita, jaribio moja ni zaidi ya saa 41, na bado kuna jaribio la pili, kuna UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, kuna sapu, mtihani wa kurudia kwa walioanguka.

Na kufundisha nakupenda, hilo niliseme wazi. Wiki iliyopita kijana mmoja alisimama mlangoni: "Madam, jaribio nililikosa. Bumu halijatoka, nilikuwa sina nauli." Bumu ndiyo pesa yao ya mkopo wa wanafunzi. Tulikaa dakika 40. Ilibainika si nauli tu, kuna mambo ya nyumbani kwao yaliyokuwa yanamkaba. Dakika hizo sizidai.

Ninachodai ni kingine. Barua yangu ya ruhusa ya masomo ipo, ina muhuri. Wiki ileile niliyoipokea ilibandikwa ratiba ya vipindi, na jina langu limo mara tatu. Anayekwenda kusoma Ujerumani au Afrika Kusini, kiti chake kinabaki kitupu na kila mtu anajua hayupo. Anayesoma hapahapa nchini anaonekana kwenye korido, na anayeonekana hupangiwa kipindi. Halafu miaka inahesabiwa sawa. Bila uzamivu hupandi kutoka msaidizi kuwa mhadhiri kamili, na ofisi inayokupa vipindi ndiyo hiyohiyo inayokuandikia kukuuliza mbona hujamaliza. Wenzetu wa Kenya waliwahi kupewa miaka mitano kuanzia 2014, kila mhadhiri awe na uzamivu. 2019 ilipofika wengi walikuwa bado wanahangaika. Siamini kwamba wote hao walikuwa wavivu.

Utafiti wangu ni wa msamiati wa wanawake wanaovua pweza Kilwa, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar. Kazi yao inafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupwa mbali, miamba inatoka, wanashuka na michokoo yao kuchokoa pweza mapangoni. Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi mbali, wanapumzika. Nikienda wakati wa maji mafu tunakaa kibarazani, wananijibu kila ninachouliza, kwa adabu, kwa Kiswahili cha kumjibu mgeni. Maneno yenyewe, yale ninayoyatafuta, yanatoka mwambani, mtu akiwa na maji ya magoti na pweza amemng'ang'ania mkononi. Huwezi kumwomba mtu akukumbushie neno la namna hiyo akiwa anapepeta mchele.

Mwaka jana kijiji ninachokwenda kilifunga mwamba wake kwa miezi mitatu, kama wanavyofanya baadhi ya vijiji vya pwani ili pweza wakue. Siku ya kuufungua hushuka wote, vijana kwa wazee, kelele tupu. Siku moja kama hiyo ingenipa zaidi ya safari zangu zote tano za kibarazani. Iliangukia siku niliyopangwa kusimamia mtihani. Niliomba kubadilishana zamu, nikaambiwa nimechelewa kuomba, kana kwamba mwezi hutoa taarifa kwa maandishi. Nilikaa saa tatu ukumbini nikitazama vichwa vimeinama, na simu yangu imezimwa kwa mujibu wa kanuni.

Nilipofika baadaye, bibi mmoja ambaye hunikaribisha kwake alinipokea kwa lawama: "Mwalimu, ulikuwa wapi? Mwamba tumeufungua bila wewe." Kisha akanihadithia pweza jike, kwamba akishataga huziba pango, hulinda mayai, hali kitu, yakianguliwa anakufa. Nikamwambia huyo angefaa kusoma uzamivu. Hakucheka. Akaniuliza kama nimekula.

(Neno lenyewe uzamivu linanichekesha. Limetoka kwenye kuzama, kuzamia chini kabisa. Lakini mtaani kuzamia ni kupanda meli bila tiketi, au kuingia harusi ya watu bila kadi. Mwenzangu wa ofisini anasema sisi tumezamia kwa maana zote.)

Wala nisijifanye kwamba sina kabisa saa zilizoshikana. Ninazo chache, na najua zinatoka wapi. Mama mkwe akija kutoka Tanga napata wiki mbili za asubuhi nzima. Siku nyingine ni dada anayetusaidia nyumbani. Aliyemtangulia alikwenda kwao Singida Krismasi, hakurudi, na Januari nzima sikuandika hata aya. Huyu wa sasa ana mtoto wa miaka minne anayelelewa na mama yake kijijini. Maana yake nikifunga mlango nikaandika saa nne bila kuguswa, saa hizo amezitoa yeye, na kuna mtoto mahali anayezikosa. Nimesoma shukrani za tasnifu nyingi: maprofesa kwa vyeo vyao vyote, mfadhili, wahojiwa, mwisho "familia yangu". Dada sijamwona. Nimempandishia mshahara na Jumapili ni yake, ila sitajidai kwamba hesabu hiyo imelingana.

Kwa hiyo semina ya tatu ya kupanga muda sihudhurii. Naomba vipindi vyangu vyote viwekwe Jumatatu na Jumanne, siku tatu zinazobaki ziachwe zigusane. Nilipomweleza anayepanga ratiba alicheka vizuri tu, hana ubaya, akasema kumbi hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Nikamwomba basi muhula mmoja, mmoja tu, jina langu lisiwemo. Akasema hilo si la ngazi yake, ni la wakubwa.

Nimetazama kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya chuo. Bamvua ijayo inaingia wiki ya kwanza ya mitihani. Safari hii ombi la kubadilishana zamu nimeliandika wiki sita kabla, nakala mbili, moja nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Bado sijajibiwa.