Nyumba isiyo na kibao: nani alipe nini kwa mgeni wa siku mbili Dodoma

Bunge la Bajeti likianza Aprili, vyumba Dodoma hupotea. Dalali aliyekuwa akikupigia Machi kuuliza kama una mteja, sasa hapokei simu. Hapo ndipo nyumba za kawaida za Ilazo, Kisasa, Area D na Iyumbu, zisizo na kibao wala mapokezi, huanza kulaza wageni: mtaalamu wa wizara aliyeitwa kusaidia majibu ya waziri, watu wa semina, mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wenyeji wanaziita Airbnb hata zile ambazo hazijawahi kuwekwa kwenye programu hiyo. Jina limeshakuwa kama Colgate kwa dawa zote za meno.

Wenye nyumba hizi walipe kodi gani, na wafuate kanuni za nani? Ukiuliza kwenye gesti utapata jibu moja, ukiuliza kwa mwenye nyumba utapata lingine, na yote mawili yana ukweli ndani yake.

Nianze na mwenye gesti, maana ndiye mwenye hasira. Ana leseni ya biashara. Halmashauri inamdai ushuru wa nyumba za kulala wageni. Bwana afya anakuja kukagua vyoo na mashuka. Mapokezi lipo lile daftari tunalolijua sote: jina, kabila, kazi, umetoka wapi, unakwenda wapi. Askari wakigonga usiku wa manane, daftari ndilo linaloulizwa kwanza. Halafu mtaa wa pili kuna nyumba yenye geti jeusi, inalaza watu wanne kwa bei ya chini kidogo, na mwenyewe hajawahi kuonana na bwana afya hata siku moja. Mgeni ni yuleyule, aliyeshuka stendi ileile. Kwa nini ushuru aulipe mmoja tu? Sijasikia bado mtu akilijibu swali hili vizuri.

Hoja ya usalama nayo si kisingizio cha wivu. Wapo wageni wanaozipenda nyumba hizi kwa sababu moja tu, kwamba hakuna daftari. Tusijifanye hatujui.

Hoteli kubwa zina kilio chao, cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya kufikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Chukua nyumba ya vyumba vitatu, kila kimoja shilingi 60,000 kwa usiku, ijae siku zote 365 bila kukosa hata moja: ni shilingi 65,700,000. Theluthi moja ya kiwango. Kwa hiyo hoteli inaongeza asilimia 18 juu ya bei ya chumba, na nyumba ya geti jeusi haiongezi kitu, na wote wawili hawajavunja sheria hiyo. Ila hoteli nayo hupunguza humo VAT iliyolipa kwenye manunuzi yake. Mwenye nyumba akinunua godoro, VAT ya godoro inaishia kwake.

Sasa upande wa pili. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Mafao yake aliyamalizia kwenye nyumba, vyumba viwili akavitenga kwa ajili ya wageni. Hesabu zake ziko kwenye kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, siku ngapi, kiasi. Alinionyesha mwenyewe. Aprili hadi Juni kurasa zimejaa mpaka pembeni. Julai ina mstari mmoja, fundi wa jenereta, usiku mbili. Agosti haina kitu isipokuwa namba ya simu ya boza la maji iliyoandikwa pembeni kwa peni nyekundu. Kisha Bunge la wiki mbili, watu wanarudi, kisha kimya tena. Kwenye kurasa za nyuma kuna matumizi: dobi, maji, umeme wa LUKU, binti wa usafi, feni iliyoungua.

Ukimwita mama huyu mfanyabiashara wa hoteli utamwonea. Ukisema asilipe kwa sababu ni mstaafu utaionea gesti. Nyumba yake inafanya kazi robo mwaka, nyingine inasubiri. Na kusubiri kumeongezeka, maana tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu anafika chini ya saa nne, anamaliza kikao, jioni anarudi kwake. Mgeni wa usiku mbili amekuwa wa usiku mmoja, au amekuwa wa chakula cha mchana tu.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kodi zetu zinajua watu wa aina mbili: mpangaji na mgeni wa hoteli. Kwa mpangaji kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, anayelipa pango aikate na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ofisi iliyopanga jengo inaweza. Miaka michache iliyopita wapangaji wa kawaida walipoambiwa nao wakate, kelele zilisikika nchi nzima, na hao walikuwa watu wa mkataba wa miezi sita. Sasa mfikirie aliyelala Jumanne na Jumatano, amelipa kwa simu, saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye bodaboda kuelekea Mtumba kwenye ofisi za serikali. Azuie asilimia 10 ya nini, saa ngapi?

Kuna mtego mwingine, wa programu zenyewe. Tangu Julai 2022, kampuni za nje zinazouza huduma kwa mtandao hutozwa asilimia 2 ya mapato yanayotoka hapa. Ni jambo zuri, lakini linamgusa mwenye programu, na wageni wengi wa Dodoma hawaji kwa njia hiyo. Wanakuja kwa "naomba namba ya yule mama wa Ilazo."

Wanaotaka tuige miji ya Ulaya nawaelewa, ila ugonjwa wetu si ule. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za nyumba za watalii ifikapo Novemba 2028 kwa sababu wenyeji wamekosa pa kupanga. Dodoma bado inapimwa viwanja. Wa kumwangalia hapa ni mwanafunzi na mtumishi mpya: mwenye chumba akigundua kwamba miezi mitatu ya Bunge inamlipa kuliko mpangaji wa mwaka, Machi atamtafutia sababu ya kumtoa. Sisemi ndiyo hali ilivyo kote, nasema kishawishi kipo.

Na kuna hofu ambayo mgeni wa mji huu hawezi kuielewa. Dodoma ilikaa miongo minne chini ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyosimamia ardhi ya mji, mpaka ilipovunjwa Mei 2017, na waliokuwapo wanakumbuka bomoabomoa. Ukimwambia mzee wa hapa "nenda kajisajili, kiwanja chako cha makazi unakifanyia biashara", yeye anasikia neno la matumizi ya ardhi na moyo unamwenda mbio. Anaona afadhali akae kimya.

Ningepewa nafasi, ningeanza na usajili mwepesi wa ofisi ya mtaa, bila kumgeuzia mtu hati yake ya kiwanja, pamoja na daftari la wageni kama la gesti, bila msamaha. Kisha ushuru uhesabiwe kwa usiku uliolaliwa. Makadirio ya mkupuo wa mwaka yanamfaa mwenye duka la kila siku. Kwa nyumba ya msimu wa Bunge, ni kutoza Agosti iliyokuwa tupu. Watu watapunja, najua. Usiku tano zitaandikwa mbili. Lakini hata kwenye gesti zenye mapokezi daftari si msahafu.

Wengine wanapendekeza tupitie LUKU, kama kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni rahisi kukusanya kweli. Tulichojifunza ni kwamba kwenye nyumba ya kupanga anayeilipa ni mpangaji, kwa kuwa ndiye anayenunua umeme. Kwa mgeni wa siku mbili kasoro hiyo haipo, LUKU ananunua mwenye nyumba. Lakini mita haijui kama aliyewasha taa ni mgeni au ni mjukuu aliyekuja likizo.

Nilimwuliza mwalimu kama angejisajili. Alisema angeenda kesho, ila aambiwe kwanza ni dirisha gani, TRA au jiji, na kama watataka na ya miaka iliyopita. Kisha akafunga kaunta buku, akaenda kuanua mashuka.