Laptop yangu ya T470 haiendi popote
Nimesoma makala moja humu, eti mwandishi wake anasema baada ya Windows 10 kukatiwa sapoti Oktoba 2025, kila mwenye laptop isiyokubali Windows 11 atafute nyingine, hapo kateleza, mi natumia ThinkPad T470 ya 2017, prosesa yake ya Intel ni ya kizazi cha 7 na Windows 11 inataka kuanzia cha 8, basi nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na maisha yanaendelea. Hii mashine ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), nimeongeza mwenyewe mpaka GB 16 kwa bisibisi tu, halafu betri zipo mbili, ya ndani na ya nje, umeme ukikatika nachomoa ya nje naweka nyingine bila hata kuzima. Mdogo wangu kanunua mpya, nyembamba kama sahani, RAM imechomelewa kwenye bodi, GB 8 ndo hizo hizo hadi kiama. Sikatai, kioo chake kinang'aa kuliko changu na yangu begani ni mzigo, ila kwa kuandika na hesabu za duka nibadilishe ya nini? Kinachonisumbua ni printa tu, kuna mtu humu kashaunganisha printa ya zamani na Mint ikakubali?