Dodoma Jiji na mavuno mawili kwa mwaka: aje tajiri, au halmashauri ibaki?

Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Dodoma Jiji, timu ya soka ya halmashauri ya jiji ambao hawakuitwa Walima Zabibu bure, nao wana mavuno mawili: siku Simba anapokuja Uwanja wa Jamhuri na siku Yanga anapokuja. Mechi 13 zilizobaki za nyumbani ni palizi. Siku hizo mbili majukwaa ya mzunguko yanajaa mapema, jezi nyekundu au za kijani zinapangwa chini hadi karibu na geti, na mwenyeji anageuka mgeni nyumbani kwake. Akifunga bao, kelele zinatoka kona moja tu.

Hapo ndipo inapoanzia hoja inayorudi kwenye vijiwe vya Majengo na Area C kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Upande mmoja unasema jiji liachie timu, aje tajiri kama walivyofanya Simba na Yanga. Upande wa pili unasema tajiri ni mvua ya masika, ikiondoka inakuacha na madimbwi. Pande zote mbili zina ushahidi, na pande zote mbili huwa zinauficha ule usiozifaa.

Tuanze na wanaotaka tajiri, maana hao ndio wenye vikombe vya kuonyesha. Mfanyabiashara Mo Dewji alishinda zabuni ya Simba mwishoni mwa 2017, Sh bilioni 20 kwa hisa ambazo baadaye ziliwekwa asilimia 49, wanachama wakibaki na 51. Msimu huohuo wa 2017/18 Simba akachukua ubingwa, akaushika misimu minne mfululizo. Yanga, aliyeachwa na tajiri wake Yusuf Manji mwaka 2017, alitembeza bakuli kwa wanachama wake katika miaka hiyohiyo. Kampuni ya GSM ilipoingia na mzigo upepo ukageuka: ubingwa wa 2021/22 mpaka 2024/25 ukalala Jangwani kwa Yanga, na katikati yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023 dhidi ya USM Alger. Minne kwa minne. Shabiki wa Simba atakwambia ni waamuzi, wa Yanga atakwambia ni falsafa. Ukipanga miaka ya vikombe pembeni ya miaka ya pesa, huhitaji falsafa.

Azam nao, kwa mkoba wa Bakhresa, walitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Hapa karibu, kilomita kama 240 kwa barabara, Singida Black Stars wamechukua Kombe la Kagame 2025, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, wakiwa na Miguel Gamondi, kocha ambaye Yanga walimtimua Novemba 2024. Mtu wa Dodoma akiangalia hayo lazima ajiulize makao makuu ya nchi yanapungukiwa nini.

Lakini Singida hiyohiyo ni shahidi wa upande wa pili. Singida United walipanda 2017/18, wakamleta kocha Hans van der Pluijm, wakasajili wageni na kujaza wadhamini kifuani. Juni 2018 wakacheza fainali ya Kombe la FA na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Msimu wa 2019/20 wakashuka. Baadaye ikaja Singida Big Stars, ikabadilika kuwa Singida Fountain Gate, kisha ikahamia Babati kama Fountain Gate. Nafasi yake Singida ikachukuliwa na Ihefu ya Mbeya iliyobatizwa Singida Black Stars. Majina manne katika mkoa mmoja ndani ya miaka isiyofika kumi. Mtoto aliyenunuliwa jezi ya kwanza ile, leo anashangilia nini?

Mfano mkali zaidi ni wa Tabora. Agosti 2023, mechi ya kwanza ya msimu, Kitayosce (waliokuja kuitwa Tabora United) waliingia Chamazi, uwanja wa Azam, dhidi ya wenyeji wakiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu usajili wao ulikuwa umekwama kwenye kifungo cha FIFA. Dakika ya 15 walikuwa wamefungwa manne, wawili wameumia, wamebaki sita. Sheria hairuhusu timu kuendelea ikiwa na chini ya watu saba, mwamuzi akamaliza mchezo. Vifungo vya namna hii vina utaratibu unaojulikana. Deni likipita siku 30 bila sababu, mchezaji au kocha wa kigeni anaweza kulipeleka FIFA. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaandika barua, anatoa siku 15, na asipopata chake anavunja mkataba na kudai kilichobaki. Hukumu ikishatoka, klabu ina siku 45 za kulipa. Zikipita, inafungiwa kusajili, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu. Si ajabu basi timu ikafungiwa mwaka huu kwa dhambi ya kiongozi aliyeondoka mwaka juzi.

Sasa halmashauri. Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu 2020/21, na haikuwa bahati nasibu. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi na ujenzi wa makao makuu, ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaenda halmashauri, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, viwanja vikauzwa kama njugu. Mapato ya ndani yakapanda, na timu ikapanda nayo. Uzuri wa pesa hiyo ni kwamba inajulikana: inapitishwa na madiwani, inakaguliwa na CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), haitegemei tajiri kaamkaje. Ubaya wake ni uleule. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, dirisha la usajili linakuwa wazi wakati huohuo, na kifungu cha michezo kinasubiri makusanyo yaingie ndipo kitoke. Wakala wa mshambuliaji hasubiri makusanyo. Pesa inapopatikana, mchezaji keshasaini kwingine, na kilichobaki sokoni ni waliokataliwa. (Kuna utani mzuri kwamba halmashauri zetu zote zinacheza 4-4-2: asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfumo huo haujawahi kubadilishwa na kocha yeyote.)

Mbeya City waliishi maisha hayo kabla yetu. Timu ya halmashauri, msimu wa kwanza 2013/14 wakamaliza wa tatu chini ya Juma Mwambusi, nchi nzima ikawaimba. Walidumu, wakachoka polepole, wakashuka 2023, wakarudi 2025/26. Hawakufa. Lakini ile nafasi ya tatu hawakuipata tena. Kwangu hiyo ndiyo picha halisi ya timu ya halmashauri: hailali njaa, haishibi.

Watu hubishana juu ya ada za usajili na kusahau gharama ya kawaida ya kucheza mpira. Chukua safari moja ya ugenini kwenda Mbeya, kilomita 600 hivi kwenda. Msafara wa watu 30 wakilala wawiliwawili ni vyumba 15. Kwa Sh 50,000 chumba, usiku tatu, ni Sh 2,250,000. Chakula na maji, tuseme Sh 30,000 kwa mtu kwa siku nne, Sh 3,600,000. Basi likila lita 30 kwa kila kilomita 100, kwenda na kurudi ni lita 360. Kwa Sh 3,000 lita moja, unaongeza Sh 1,080,000. Jumla inakaribia Sh milioni 7, kabla ya posho na bonasi. Safari za ugenini ni 15 kwa msimu. Zipo fupi kama Singida, zipo za kuumiza mgongo kama Ruangwa, Lindi, kwa Namungo. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka kucheza na Namungo, mechi yao na Simba ikasogezwa. Ilipochezwa Machi 14 walikula sita bila. Matokeo kwenye ubao hayaandiki nani alitoka hospitalini.

Na mlangoni je? Tiketi ya Sh 10,000, ukitoa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani, inabaki kama Sh 8,475. Hapo bado makato ya uwanja (Jamhuri ni mali ya CCM, timu ni mpangaji), ya TFF (shirikisho la soka la nchi), Bodi ya Ligi, chama cha soka cha mkoa, ulinzi na gharama za tiketi zenyewe. Kinachobaki ni cha mwenyeji. Kwa hiyo siku ya Simba au Yanga mwenyeji anavuna kweli, na kusema wakubwa wa Dar wanaiua ligi ni nusu ya ukweli: wao ndio wanaolipa mishahara ya miezi kadhaa ya timu za mikoani. Hata mkataba wa Azam Media wa 2021, Sh bilioni 225.6 kwa miaka kumi, haukununuliwa kwa ajili ya mechi za katikati ya wiki kati yetu na Mashujaa. Nusu ya pili ya ukweli ni kwamba wakubwa hao wanavuna tena upande wa udhamini. Mwaka 2022 Simba walisaini na kampuni ya kubeti ya M-Bet Sh bilioni 26.1 kwa miaka mitano, Yanga na wenzao wa SportPesa Sh bilioni 12.3 kwa mitatu. Timu ya mkoani ikipata mdhamini wa fulana za mazoezi inafanya sherehe.

Kuhusu makocha, hapa shabiki wa Dodoma anaiga asichokiweza. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 Yanga walikuwa na Gamondi, Ramović, Hamdi, Folz, kisha Pedro Gonçalves. Ubingwa wa 2024/25 wakabeba hivyohivyo, wakiwa wamepita kwenye mikono mitatu. Simba walimfuta kazi Robertinho baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga cha Novemba 2023, wakampata Benchikha, naye Aprili akaondoka. Mtani akicheka mwenzake kwa kubadilisha makocha, anacheka kwenye kioo. Ila kikosi chenye wageni 12 wa bei kinaweza kujiendesha wiki tatu bila kocha. Cha kwetu hakiwezi. Tangu 2020 Dodoma Jiji imepita kwa Mbwana Makata, Masoud Djuma, Melis Medo, Francis Baraza na Mecky Mexime, kwa kutaja wachache. Kila anayekuja ana orodha yake: beki wake, kiungo wake, mtu wake wa mazoezi ya viungo. Dirisha dogo linatumika kubomoa alichojenga aliyetangulia. Na kocha wa mkataba wa mwaka akitimuliwa mwezi wa nne bila sababu ya kisheria, anaweza kudai miezi minane iliyobaki, ikipunguzwa kwa atakachopata kwingine. Wapo wanaosema bila kumtimua mapema timu inashuka, na kushuka ni ghali zaidi. Ni kweli. Basi kifungu kiwe ndani ya mkataba tangu siku ya kusaini: akiwa mstari wa kushuka baada ya mechi 15, anaondoka na mishahara miwili, tumeagana.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye ubishi wote huu hakuna anayetaja pesa ambayo haihitaji tajiri wala baraza la madiwani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni robo asilimia, kila msimu wa 16 hadi 23 ni nusu. Kijana aliyekaa Dodoma Jiji misimu minne kuanzia miaka 17, akiuzwa Misri au Morocco kwa dola 300,000, jiji lina haki ya asilimia 2, dola 6,000. Hiyo ni zaidi ya safari moja ya Mbeya, na akiuzwa tena inaingia tena.

Tatizo ni karatasi. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi ya malipo ya FIFA huko Ufaransa, ambayo inasoma pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, yaani kumbukumbu ya klabu alizoandikishwa. Msimu ambao klabu haikumwandikisha kijana kwenye mfumo, kwenye pasipoti unaonekana mtupu, na pesa yake haiifikii klabu. Vijana wa U-17 na U-20 waliocheza kwa leseni za kuazimana, jina moja cheti cha kuzaliwa na lingine kwenye fomu, mwaka wa kuzaliwa umesogezwa ili afae mashindano ya umri: wote hao wamepotea kwenye hesabu hata wakifika Ulaya. Kazi ya kuwaandikisha inahitaji karani mmoja, kompyuta na mtu wa kumfuata mwalimu wa shule ya Chang'ombe kudai cheti cha kweli.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua upande, nachagua halmashauri, lakini isiyoishika timu kama idara. Iundwe kampuni, jiji libaki na hisa nyingi, bajeti ya usajili itengwe benki kabla ya Julai, na tajiri akitaka kuja anunue hisa chache kwa mkataba unaosema madeni yake akiondoka ni ya nani. Anayeona hilo ni polepole mno ana hoja: Singida Black Stars hawakusubiri kampuni wala karani, na mwaka 2025 wamefika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Halafu kuna uwanja mpya wa Nzuguni, hapahapa Dodoma. Ukikamilika, Simba na Yanga wataweza kuja kuutumia kama nyumbani kwao. Mkataba wa upangaji ndio wa kuangalia kabla ya rangi ya viti: kama Dodoma Jiji haitaandikwa mle kama mpangaji wa kwanza, mwenye siku zake na bei yake, mavuno yale mawili yatahamia shamba la jirani.