Kabla ya kubadili jina la Old Moshi

Kila barabara kubwa ya Arusha inapowekewa lami mpya, wazo moja hurudi: ipewe jina la kiongozi. Sasa inatajwa barabara ya Old Moshi. Wanaokataa huambiwa wanang'ang'ania ukoloni, au hawawaheshimu waliolitumikia taifa. Nadhani hawajaeleweka.

Wenye wazo hilo wana hoja, tena nzito. Tusingebadili kitu, tungekuwa bado tunatembea katika majina tuliyopangiwa na watawala. Dar es Salaam, Acacia iligeuka Independence, na leo ni Samora. Hapa kwetu barabara kuu ya mjini ilipewa jina la Edward Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, na jina likashika mara moja. Alikuwa mtoto wa Monduli, na watu walimlilia kwa machozi yao wenyewe, hawakusubiri tangazo. Tuna pia Mtaa wa Seth Benjamin, kijana aliyefia njiani mwaka 1967 akitembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Bila kibao kile, wangapi wangemtaja leo?

Lakini barabara ya Sokoine zamani ilikuwa Uhuru. Jina lililoondoka halikuwa la gavana.

Sasa tuitazame Old Moshi, ile inayotoka Mnara wa Saa kuelekea Impala na Kijenge. Jina lake halimtukuzi mzungu yeyote. Linakuambia tu kwamba waliokwenda Moshi zamani walipita hapa. Ndivyo majina yetu mengi yalivyo. Konda wa kifodi, daladala yetu ya Arusha, anaita vituo: Philips, Esso, Unga Limited. Vituo vya mafuta vya Esso havipo tena, lakini abiria anajua pa kushuka. Hakuna kikao kilichopitisha majina hayo. Ni historia ya viwanda na kazi za mji huu, na imeandikwa na wapanda gari.

Kinachonisumbua zaidi ni anwani. Zamani kubadili jina kulikuwa ni kung'oa kibao na kusimika kingine. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi: barabara zikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba. Namba hiyo peke yake haina maana, inategemea jina la barabara. Kwa hiyo leo ukibadili jina umebadili anwani ya kila mlango: duka lenye leseni, mwenye hati, mama anayeuza mtandaoni na kumwelekeza bodaboda kwa simu. Wenye nyumba watafuatilia karatasi zao mmoja mmoja. Mpangaji hata hataulizwa. Na baada ya usumbufu wote huo, jina jipya linaweza lisikae mdomoni. Mwaka 2013 sehemu ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliitwa Barack Obama, alipotutembelea. Mgonjwa anayekwenda hospitali ya saratani iliyoko huko mpaka leo anasema anakwenda Ocean Road.

Sisemi viongozi wasikumbukwe. Kuna barabara ya mchepuko, takriban kilomita 42, inayozunguka kusini mwa mji, na wengi wetu tunaiita "bypass" tu. Sehemu kubwa yake imepita mashambani, nyumba zenye namba ni chache. Wanaotaka kumuenzi mtu waanzie huko, na wakazi wa mitaa inayopitiwa waitwe mkutanoni kabla kibao hakijachongwa. Old Moshi waiache ilivyo.